Adabu ya Kamba

Maiti ya Nichifor ilikuwa imebanwa kati ya boti yake na ukuta wa gati, uso chini, koti limefura hewa mgongoni. Ukungu wa Novemba ulikuwa mzito hata wapakiaji wawili walimpita hapo hapo, mpaka wa tatu alipoona kiatu.

Inspekta Smaranda Caraiman alipofika alikuta nusu ya mji wa Sulina umeshamtangulia. Evstafie, mwenye boti ya jirani, ndiye aliyeuvuta mwili kwa upondo. Alikuwa mzee wa ndevu ndefu ambaye kazi yake ilikuwa kuwapeleka marubani wa meli kwenye meli zilizotia nanga nje ya mdomo wa mto Danubi. Alimfunika marehemu kwa turubai lake mwenyewe, akavua kofia.

"Mtu asiguse kitu," Smaranda alisema. "Si boti, si kamba, si nguzo."

"Kamba ina kosa gani, afande?" aliuliza Sajini Toader.

"Sijui bado. Ndiyo maana isiguswe."

Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake. Mwaka wake wa kwanza pale, watu wa gati walimbatiza jina la Mama Kwa Nini. Hakukasirika. Aliwauliza kwa nini.

"Mzee Evstafie, umeona nini?"

"Nimeona haya unayoyaona wewe, binti yangu. Usiku nililala nje, nyuma ya ukuta wa kuzuia mawimbi, kwa sababu ya ukungu. Nimeingia alfajiri. Nikakuta Pelikani, boti ya marehemu, imeshafungwa, nami nikafunga yangu. Sikujua kama mtu yuko majini."

"Hukusikia kitu?"

"Ukungu hula sauti."

Daktari alimaliza uchunguzi wa awali upesi. Jeraha kisogoni, la kuangukia ukingo wa chuma. Maji yamejaa mapafuni.

"Maana yake?" Smaranda aliuliza.

"Maana yake pigo halikumuua. Aliingia majini akiwa hai. Angepata mtu wa kumpa mkono, angekuwa hospitali sasa hivi anatukana wauguzi."

Toader hakuhitaji zaidi. Jioni iliyotangulia, duka zima la vinywaji lilimsikia Larion, baharia pekee wa Pelikani, akimpigia kelele bosi wake: "Siku moja nitakuzamisha, mzee wewe!" Kisa, Larion alitaka kuhamia boti nyingine, na Nichifor akamtupia begi lake mtoni, kisha akampasua mdomo kwa ngumi. Larion akakutwa kwake amelala, damu kwenye mkono wa shati, mkewe mwenye mimba kubwa akilia mlangoni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Toader alisema, akijifuta mikono kama mtu aliyemaliza kula. "Nimeshaongea na mwendesha mashtaka wa mkoa, kule Tulcea. Anamtaka kwa boti ya saa sita."

"Mbona haraka hivyo?"

"Kuna nini cha kusubiri, afande?"

Sulina haina barabara ya kwenda nje. Mtu akipelekwa Tulcea kwa boti na pingu mkononi, mji wote humsindikiza kwa macho. Hata akirudi na barua ya kuachiwa, hakuna wa kumpa kazi ya botini. Smaranda alilijua hilo. Mke wa Larion alilijua zaidi, maana alikuwa amekaa kwenye ngazi za kituo na hataki kuondoka.

Smaranda hakurudi ofisini. Alirudi gatini, akachutama mbele ya nguzo ya chuma ya kufungia boti, akakaa kuitazama mpaka watu wakaanza kucheka.

"Mama Kwa Nini anaihoji nguzo!"

"Imekiri?"

"Karibu," alisema Smaranda.

Gati lile lina nguzo chache na boti nyingi, kwa hiyo nguzo moja hubeba vitanzi vya kamba viwili hata vitatu. Adabu yake ni hii: ukikuta kitanzi cha mwenzako, hutupi chako juu yake. Unakipitisha chako kutoka chini, ndani ya kitanzi chake, ndipo unakivika nguzoni. Hapo kila mmoja ataondoka apendapo. Ukikitupa juu umemfungia mwenzako, na hatoki mpaka wewe utoke. Kwa watu wa boti za kazi, hilo ni tusi kubwa kuliko la mama.

Nichifor alikuwa mtu wa kutupa juu. Miaka yote. Hata boti ya polisi aliwahi kuifungia, na Smaranda mwenyewe alimtoza faini. Alilipa akicheka, na wiki iliyofuata akarudia.

Sasa kitanzi cha Pelikani kilikuwa kimepitishwa kutoka chini, vizuri, bila mkunjo.

"Toader, nani alifunga boti hii?"

"Nichifor. Boti yake."

"Nichifor na kufunga hivi, wapi na wapi?"

Sajini alikuna shingo. "Labda jana aliingiwa na adabu."

"Adabu ya miaka sitini iliyokosekana, ije jana usiku na ukungu? Nenda kaniletee Larion."

Larion alipoletwa, Smaranda alimfungua pingu. Akamwambia neno moja tu: ailete boti ya polisi kutoka kwenye pampu ya mafuta, aifunge hapo mbele ya soko la samaki. Nguzo ya hapo ilikuwa na kitanzi cha boti ya mchanga. Larion, macho mekundu, hajui anatafutwa nini, aliisogeza boti taratibu, akaruka gatini na kamba, akatupa kitanzi juu. Pwaa! Juu kabisa ya kitanzi cha mwenzake.

"We mbwa!" Nahodha wa boti ya mchanga alichomoza kichwa. "Bosi wako amekufa na bado unatufungia?"

"Samahani, mjomba! Nimezoea!"

"Nani alikufundisha kufunga hivyo?" Smaranda aliuliza.

"Nani mwingine? Nichifor. Alisema anayepitisha chini anaomba ruhusa."

Toader alinong'ona, "Anajifanya, afande."

"Ajifanye kuhusu nini? Mimi na wewe ndio tunaojua tunachotafuta, na wewe umejua sasa hivi."

Kwa hiyo si Nichifor aliyefunga Pelikani, wala si Larion. Ni mtu mwenye adabu. Smaranda alirudi tena kwenye nguzo yake, maana adabu peke yake haikutosha. Gati zima lilikuwa nayo. Akafuata kamba kwa kidole, bila kuigusa. Kitanzi cha Pelikani kilipita ndani ya kitanzi gani? Alipoona jibu alibaki amechutama. Alimpenda yule mzee. Kila mtu alimpenda.

Evstafie alimkaribisha kwenye chumba kidogo cha boti yake, Agafia, jina la marehemu mkewe. Alimmiminia chai kwenye glasi, akakata mkate na samaki wa chumvi.

"Kula, binti yangu. Umekonda kwa maswali."

"Nina machache tu, mzee. Uliingia alfajiri."

"Nimeshasema."

"Ukaikuta Pelikani imefungwa."

"Imefungwa."

"Basi wewe ulikuja wa pili."

"Wa pili, ndiyo."

"Anayekuja wa pili hupitisha kitanzi chake wapi?"

Evstafie alicheka. "Hata mtoto wa hapa anajua. Ndani ya kitanzi cha aliyetangulia."

"Hebu tazama dirishani. Kipi kimo ndani ya kipi?"

Mzee aliinama. Alitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kicheko kilikuwa kimeshamtoka.

"Cha Pelikani," alisema, "kimo ndani ya changu."

"Kwa hiyo wewe ulikuwa hapa. Pelikani ilifungwa baada yako, na aliyeifunga si Nichifor."

"Mkono," alisema mzee, akiutazama wa kwake. "Mkono umefanya wenyewe."

Nje, boti ya saa sita ilipiga honi. Larion alikuwa ameshasimamishwa kwenye foleni na askari, pingu zimerudi mkononi, mkewe ameshika ncha ya koti lake.

"Mzee Evstafie, kijana yule anaondoka."

"Namwona."

"Mtoto wake atazaliwa kabla ya Krismasi."

"Najua! Mke wangu ndiye aliyemzalisha mama yake Larion!" Aligonga meza, glasi zikaruka. Kisha sauti ikamshuka. "Usiku kucha nilijiambia mtasema alilewa akaanguka. Sikujua mtamkamata mtu. Mfungueni. Nilimsukuma mimi."

Smaranda alifungua dirisha. "Toader! Mtoe pingu. Sasa hivi, mbele ya watu wote, na useme kwa sauti kwamba hana kosa!"

Walimsikia Toader akitangaza, kwa shingo upande lakini kwa sauti. Walimsikia mwanamke akilia kilio cha namna nyingine. Smaranda alifunga dirisha, akamsomea mzee haki zake, akafungua daftari lake.

"Kwa nini?"

"Majira ya baridi ya mwaka juzi, Agafia alishikwa na moyo. Boti ya wagonjwa ilikuwa Tulcea, na mto unaanza kuganda. Nikambeba mpaka humu, nikamlaza hapo ulipokaa wewe. Nikawasha injini. Nikatoka kufungua kamba."

"Kitanzi cha Nichifor kilikuwa juu ya chako."

"Juu, na mkondo umekikaza kama chuma."

"Kwa nini hukukata?"

"Kamba yangu ilikuwa ya waya, na kishikizo chake upande wa boti kimeganda kwa barafu. Ya Nichifor ilikuwa ya katani. Kisu kingetosha. Lakini boti ya mtu huiachii iende na mto, afande. Hatukulelewa hivyo. Nikakimbia kumgongea mlango. Akajibu kutoka ndani: 'Subiri, nivae.' Akavaa. Akanywa chai yake. Akaja anatembea. Agafia alikata roho kabla hatujafika hata kijiji cha Crișan."

"Hukumshtaki?"

"Kwa sheria gani? Sikutaka hata sheria. Nilitaka aseme pole. Hata mazishi hakuja."

"Na jana?"

"Jana nilikuwa nimeshafunga boti, nakula. Nikamsikia anakuja ndani ya ukungu. Pwaa, kitanzi juu ya changu. Nikatoka, nikakivua, nikakitupa. Akashuka kunitukana. Nikamwambia, 'Nichifor, sema neno moja tu kuhusu Agafia.' Akasema, 'Bado unalilia ile kamba?' Nikamsukuma kwa mikono miwili. Kisogo kikapiga ukingo wa gati, akaingia majini."

"Alikuwa hai."

"Alikuwa hai. Alishika tairi la boti yangu, akaniita kwa jina. Na Pelikani haina kamba, inaanza kwenda na mto, na huko chini kuna boti za watu."

Smaranda aliacha kalamu. Kwa mara ya kwanza tangu aje Sulina, hakutaka kuuliza swali lililofuata. Aliuliza.

"Ukafanya nini?"

"Nikamwambia, 'Subiri, nifunge boti yako.' Nikaruka, nikaikamata, nikairudisha. Nikaifunga taratibu, kama inavyopasa."

"Na ulipomaliza?"

Evstafie alichukua kofia yake kwenye msumari, akaishika mapajani bila kuivaa.

"Alikuwa amenyamaza."