Kufuli la Mtu Haliguswi

SAA TATU ASUBUHI

Stoo ya nyuma ya karakana ya matairi ilinuka mpira na jasho la jana. Nyapara alifunga mlango, akavuta kopo tupu la rangi kwa mguu, akalikalia. Hakuwa nyapara tena. Kiwanda kilimfukuza, kama kilivyowafukuza wote waliokuwa mle ndani. Lakini jina halifukuzwi.

"Sikilizeni," alisema. "Nasema mara moja tu."

Walikuwa wanne. Kobe, dereva, aliitwa hivyo kwa sababu hajawahi kuendesha kitu polepole maishani mwake. Umeme alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyejua nyaya za kiwanda kile kuliko njia ya kwao. Na Fundi, mchomeleaji, mdogo wake mke wa Nyapara. Huyo alikaa kando, karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kumsindikiza mwenzake.

Nyapara alichora kwa chaki sakafuni. Geti la nyuma. Uwanja wa vyuma chakavu. Ukumbi wa kuchomelea.

"Mchana tajiri ana wageni. Anawaonyesha roboti yake mpya ya kucheza dansi. Anataka kuitengeneza ndogo ndogo, awauzie watoto. Wafanyakazi wote mbele, walinzi wote mbele. Asiyepiga makofi hana kazi."

"Na ukumbi wa kuchomelea unabaki na nani?" Kobe aliuliza.

"Na Mkono."

Kobe alicheka. "Bado una mafua?"

Hata Umeme alitabasamu. Mkono ulikuwa roboti kubwa ya kuchomelea fremu za baiskeli za watoto, zile za magurudumu matatu. Haukuzaliwa na ujuzi. Fundi ndiye aliyeufundisha. Alikishika kiganja chake cha chuma, akauongoza kiungo kwa kiungo, nao ukakariri kila alichofanya. Ukakariri hata chafya yake. Siku moja, baada ya kiungo cha tatu, Fundi alipiga chafya, akarudi nyuma, akatulia kidogo, ndipo akaendelea. Mainjinia walitaka kuifuta. Nyapara akasema iacheni, ni kumbukumbu. Tangu hapo kila fremu ilipofika kiungo cha tatu, Mkono ulirudi nyuma na kutulia, na ukumbi mzima uliuombea afya.

"Ufundishe vizuri, shemeji," Nyapara alimwambia siku zile. "Utakuwa msimamizi wake." Fundi akafundisha kama anayemfundisha mwanawe. Kisha zamu zikapungua. Kabati lake likapewa mtu mwingine. Akufukuzaye hakwambii toka, lakini Fundi alielewa.

Sasa kulikuwa na mteja, mwenye kiwanda kingine upande wa pili wa mji. Ana Mkono wa aina ile ile, ila wake ni bubu, haujui kitu. Anataka kumbukumbu. Na atamwajiri Fundi kuisimamia. Fundi hakutaka zaidi ya hilo. Alitaka kuamka asubuhi akiwa na mahali pa kwenda.

"Tunachukua vitu viwili," Nyapara alisema. "Kwanza tunanakili kumbukumbu kwenye kadi. Halafu tunazima, Fundi anaingia kwenye kizimba cha Mkono, anakifungua kiganja."

Umeme aliinua uso. "Kiganja cha nini? Vinauzwa madukani."

"Mteja ndivyo anavyotaka."

"Mteja mjinga."

"Mjinga mwenye kazi ya kutupatia. Wewe unayo?"

Umeme akairudia michoro ya chaki kwa macho. Hakuridhika.

"La mwisho. Hakuna kufuli leo. Mmenisikia? Hatuendi kazini. Tunaenda kuiba."

Kila mfanyakazi wa kiwanda kile alikuwa na kufuli lake jekundu na ufunguo mmoja tu. Ukitaka kuingia ndani ya mashine, unazima swichi kuu, unaitia kufuli lako, ufunguo unauvaa shingoni. Hakuna wa kuwasha mpaka utoke ulifungue kwa mkono wako. Zamani sheria hiyo ilikuwa ya ukutani tu. Siku moja mtu mwenye haraka akalikata kufuli la kaka yake Kobe, akawasha, na kaka yake Kobe alikuwa ndani ya mashine ya kukunja mabomba. Baada ya maziko wafanyakazi walikula kiapo. Kufuli la mtu haliguswi, hata tajiri akija na bunduki.

"Sawa," alisema Kobe, akitazama viatu vyake.

Fundi alisimama, akaufungua mlango.

SAA SABA MCHANA

Muziki ulisikika tokea uwanja wa mbele. Kobe alikata mnyororo wa geti la nyuma kwa mkasi wa vyuma, akaingiza pikapu kinyumenyume, akaacha injini ikinguruma taratibu. Nyapara aliuchukua ule mkasi, akautia kwenye mfuko wa vifaa. Hakuna aliyemwuliza wa nini tena.

Watatu waliingia wamevaa ovaroli zao za zamani. Ukumbi ulikuwa mtupu. Fremu za vibaiskeli zilining'inia kwenye kulabu, nyekundu na za buluu, mpaka mwisho wa ukumbi. Mkono ulisimama ndani ya kizimba chake cha waya, umeinamisha kiganja. Fundi aliuona, akageuza uso. Alikuwa ameapa hatauangalia.

Umeme alipiga magoti kwenye mlango wa kizimba. Kulikuwa na jicho la kielektroniki pale. Mlango ukifunguliwa, mashine inagoma na kengele inalia ofisini. Alichomoa waya mmoja, akauunganisha na mwenzake.

"Nimelipofusha," alisema. "Sasa hata mkiingia, mashine inadhani mlango umefungwa. Muwe na akili."

Nyapara alichomeka kadi kwenye kabati la mitambo. Taa ikawaka, ikameta, ikatulia. Kazi ya miaka ya mtu ikaingia kwenye kitu kidogo kuliko kucha. Akakitia mfuko wa shati.

"Zima."

Umeme alizima swichi kuu. Feni za kabati zikafa. Kutoka mbele zilikuja sauti za makofi na vicheko. Roboti ya tajiri ilikuwa imeanza kucheza.

Fundi alichukua spana. Akausogelea mlango wa kizimba. Kisha, bila kufikiri, akarudi hatua mbili, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kufuli jekundu, akalitia kwenye swichi. Ta! Ufunguo akauvaa shingoni.

Nyapara aligeuka. "Nilisema nini?"

"Nisamehe, shemeji. Mkono wangu umezoea."

"Litoe."

"Nikitoka."

"Nipe ufunguo basi, nilitoe mimi."

Fundi alimtazama kama aliyeombwa meno yake. "Ufunguo haupewi mtu. Unajua."

Umeme alikuwa akiwatazama. Nyapara aliliona jicho lake, akacheka, akampiga Fundi bega. "Haya, mzee wa sheria. Ingia. Wewe Umeme, peleka vifaa kwenye gari. Huo mkasi niachie, kuna nyaya za kukata."

Umeme alibeba mfuko. Mlangoni aligeuka mara moja. Aliona kufuli jekundu pale kwenye swichi, moyo ukamtulia, akaenda. Kufuli lile ndilo lililomdanganya.

Ndani ya kizimba Fundi alipanda kwenye meza ya fremu, akakishika kiganja kwa mkono wa kulia kama alivyokuwa akikishika siku zote. Nati ya kwanza ililegea.

"Shemeji," aliita bila kugeuka. "Huyo mteja, ataniruhusu kuja na redio? Mimi kazi bila redio siwezi."

"Atakuruhusu."

"Dada anajua?"

"Dada yako anajua nimekutafutia kazi."

Sauti ya Nyapara ilikuwa imepoa. Mteja alikuwa amemwambia maneno machache tu, wakiwa wawili. Kumbukumbu nataka iwe yangu peke yangu. Huyo fundi akibaki hai, kesho atamfundishia jirani yangu. Nyapara alikuwa na wiki nzima ya kukataa. Alikula kwa Fundi mara tatu katika wiki hiyo. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.

Tena hesabu ilikuwa safi. Mchomeleaji aliyefukuzwa, mwenye kinyongo, ameingia kuiba, mashine imemuua. Polisi wangemtafuta nani mwingine?

Ila kufuli. Kufuli lililokatwa lingesema kulikuwa na mtu wa pili.

Fundi alisikia mlio wa chuma kukatika. Aliujua. Hakuna aliyefanya kazi mle ndani asiyeujua mlio ule.

"Shemeji?"

Nyapara aliokota kufuli, akalitumbukiza mfukoni. Akapandisha swichi. Feni zikaamka. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe cha kijani, kikakaa sana.

"Shemeji, mimi niko ndani!"

Kikabonyea.

Mkono uliinuka. Uliukuta mkono wa kulia wa Fundi bado uko kwenye kiganja, ukaubana kwenye fremu, ukachomelea kiungo cha kwanza pale pale. Fundi alipiga kelele ambayo ilimezwa na makofi ya wageni. Mkono ukaenda kiungo cha pili, ukimburuta. Nyapara hakutazama. Alikuwa ameshafika mlangoni, na alipotoka alikuwa anakimbia.

Fundi alikuwa anajua kinachofuata. Ni yeye aliyekipanga. Chini, kulia, juu, kisha ule mzunguko mpana ambao ungempiga kifuani na kumvunja dhidi ya waya. Akaacha kuvuta. Akangoja kama alivyokuwa akingoja mwanafunzi amalize.

Kiungo cha tatu.

Mkono ulirudi nyuma. Ukatulia.

Fundi alijichomoa, akaanguka chini ya meza, akatambaa kuelekea mlangoni. Hakuchomoka mzima. Vidole vyake vilibaki kwenye fremu ya kibaiskeli cha buluu. Juu yake Mkono uliamka kutoka kwenye chafya, ukazungusha ule mzunguko mpana, haukumkuta mtu.

SAA SABA NA NUSU

Umeme alikuwa ameshaegemea pikapu aliposikia feni. Alisimama wima. "Nani kawasha?"

Nyapara alitokea mbio. "Ingieni! Twende!"

"Fundi yuko wapi?"

"Kapitia mbele. Tunakutana kwa mteja. Kobe, kanyaga!"

Kobe alitia gia. Nyapara aliruka kiti cha mbele, akaingiza mkono mfukoni kuhakikisha kadi ipo, na haraka haina baraka. Alisahau kadi ilikuwa kwenye shati. Mfukoni mlikuwa na kitu kingine. Kilitoka pamoja na leso, kikaanguka miguuni mwa dereva.

Kobe alitazama chini.

Kufuli jekundu. Limekatwa.

Muziki wa mbele ulikuwa umeisha. Filimbi ya mlinzi ililia mara moja, mbali, kisha ya pili, karibu kidogo.

"Kobe. Endesha."

Kobe aliinama, akaliokota, akaligeuza mkononi. Lilikuwa na mkwaruzo ubavuni aliokuwa akiufahamu. Wote waliyafahamu makufuli ya wenzao kama watu wanavyofahamiana kwa sura.

"La Fundi hili."

"Nitakueleza njiani!"

"Alikuwa ndani?"

Umeme alikuwa ameshaanza kukimbia kurudi ukumbini, akitukana huku akilia.

"Kobe, ndugu yangu, walinzi hao! Tutafungwa wote!"

Kobe alizima gari. Alichomoa ufunguo, akautupa nje ya dirisha, juu ya lundo la vyuma chakavu, ulikokwenda kupotea kati ya vyuma vingine. Nyapara alishika kitasa cha mlango. Kobe alimkamata ukosi wa ovaroli kwa mkono mmoja, akamrudisha kitini.

"Kaa."

"Wewe una wazimu! Hata wewe utafungwa!"

"Nitafungwa," alisema Kobe. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Yule aliyekata la kaka yangu alikwenda nyumbani akala chakula cha jioni. Wewe huendi."

Walinzi waliwakuta hivyo. Mmoja ameshikwa, mmoja ameshika, na kufuli katikati yao.

Umeme aliwahi kubonyeza kitufe chekundu. Walimkuta amekaa sakafuni amemfunga Fundi mkono kwa shati lake, amemlaza kichwa mapajani, hajaribu kukimbia.

WIKI YA PILI, MCHANA

Askari alikuja wodini na pingu, akakuta mkono mmoja tu; wa kulia madaktari walikuwa wameukata. Akafikiri kidogo. Mwishowe aliufunga wa kushoto kwenye chuma cha kitanda.

Dada yake alikuja na supu. Alivuta kiti, akamlisha kijiko kwa kijiko, kama alipokuwa mtoto mwenye homa. Bakuli lilipofika nusu, kijiko kikasimama.

"Mdogo wangu."

"Naam, dada."

"Watoto wananiuliza baba yao yuko wapi." Alikuwa anaongea na bakuli. "Wewe ndiye ulikuwa fundi. Ukisema Mkono uliwaka wenyewe, watakuamini. Wizi atafungwa, sawa. Lakini hilo lingine, hatatoka. Mimi nitawalea na nani?"

Ufunguo ulikuwa bado shingoni mwa Fundi. Manesi walitaka kuuvua, akakataa.

"Sema hivyo tu. Uliwaka wenyewe. Hata mkono wako haurudi."

"Dada," alisema, na sauti ikamkatika. Akaanza upya. "Dada, nilikuwa nimetia kufuli."

Alingoja aseme kitu. Alingoja amwulize hata mara moja iliuma namna gani. Dada yake alifunga kanga vizuri, akaliweka bakuli kwenye meza ya pembeni, akasimama.

"Nawawahi watoto," alisema, akaondoka.

Supu ilibaki pale, bado ina mvuke. Fundi aliinua mkono wa kushoto kuifuata. Pingu ikamzuia kitandani.