Ukuta Juu ya Ziwa

Lango la kijiji cha kale lilikuwa jembamba, na watalii walisongamana kama wanagombea basi la mwisho. Hapo Rwema alimkanyaga mwanamke, akageuka kuomba radhi, akakutana na Gisubizo: gauni la njano, mtandio mweupe, macho yaliyokosa usingizi.

"Hata huku Italia unanikanyaga?"

"Isaro hakuniambia kama amekualika."

"Na mimi hakuniambia. Ningebaki Buffalo nikalala."

Isaro, rafiki yao, alikuwa ameolewa jana yake kule chini, kando ya ziwa. Leo wageni walipandishwa kuiona ngome ya kijiji hiki. Wawili hao walipanda vichochoro vya mawe, Rwema na mgongo uliochoshwa na maboksi ya ghalani Louisville, Marekani, Gisubizo na mabega yanayoinua wazee wa watu kila siku kazini, kule Buffalo.

Juu ukutani, Gisubizo alivua viatu.

"Wenzetu walijenga kuta, wakabaki kwao. Sisi tulikimbia kwetu, tukawa wakimbizi."

"Nina shairi juu ya—"

"Bon, haya, ukianza shairi nalala hapa hapa."

Rwema alicheka, naye Gisubizo akacheka. Mara ya mwisho walipocheka hivyo ilikuwa Columbus, mji walimokuwa wakikutana, kila mmoja akiendesha nusu ya njia. Kisha Rwema akaposa, na posa ikaharibika. Wazee wa Rwema walifika Buffalo, wakaambiwa binti hawezi kumwacha mama yake mgonjwa. Rwema akamwakia Gisubizo kwenye simu: mwanaume hahamii kwa wakwe! Wazee wakaondoka, na maziwa waliyokaribishwa hawakuyagusa, ishara kwamba undugu umekataliwa.

"Sheri, mpenzi," Rwema alisema, "ningelalaje nyumba moja na mama mkwe?"

"Nani alisema nyumba moja? Nilisema Buffalo! Kule Riverside, mtaa wa hapo hapo, nyumba za kupanga ni tele. Hukuuliza, ulikata simu."

Rwema alifungua mdomo amjibu kwa ukali wake wote. Ukali haukuja. Alikuwa amechoka kushinda mabishano na kula peke yake.

"Nitahamia Buffalo," alisema.

"Usiniambie mimi. Waambie waliosusa maziwa."

Rwema akampigia baba yake mdogo, Kamanzi, aliyeongoza ile posa.

"Rwema? Kuna msiba?"

"Hapana, baba. Naomba mrudi Buffalo."

"Wewe mtoto! Unajua ile barabara ilivyotuvunja migongo?"

Gisubizo aliichukua simu.

"Baba, ni mimi. Njooni. Mama atawamiminia maziwa mengine. Safari hii myanywe."