Wewe ni wa Nani?

Katika kitongoji kile cha wafugaji wa Kisomali karibu na Balambala, mlango wa zizi ni tawi la mgunga, nalo huvutwa kabla ya adhana ya Magharibi. Kazi hiyo ilikuwa ya Atupele, binti wa miaka kumi na sita kutoka Tukuyu, Tanzania, aliyekuja kusoma muhula mmoja katika mpango wa kubadilishana wanafunzi. Mwenyeji wake, mama Habibo, alimpa kazi siku ya pili tu. Mgeni mwenye kazi, alisema, keshakuwa wa nyumba.

Siku moja mchana, Nasteho, binti wa Habibo, alimcheka. Watoto wa huku hukaririshwa majina ya mababu kabla hawajajua kuhesabu mbuzi.

"Wewe majina mbili tu, baba na babu? Mimi iko na kumi na nne! Hata beberu yetu iko na ukoo kushinda wewe, abaayo, dada yangu."

Wakacheka wote wawili.

Jioni, mbuzi waligoma kuingia zizini. Upepo ukakatika. Ikaja harufu ya nguo iliyolowa mvua... na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi saba.

Nyuma ya miiba, mtu alinong'ona.

"Wewe ni wa nani?"

Huku mkubwa akikuuliza hivyo, unajibu. Ndiyo adabu.

"Mimi ni Atupele wa Anyosisye, wa Asajile..."

"Wa nani?"

Hakujua.

"Wa nani?"

Sasa ilikuwa karibu. Mguu wa kulia wa Atupele ukapiga hatua kuelekea kwenye sauti.

Hakuutuma.

Akalikamata tawi kwa nguvu. Miiba ikamwingia kiganjani, na maumivu yakamrudishia mguu wake.

"Sijui," alisema. "Na huniondoi hapa kwa jina moja!"

Akavuta mlango. Adhana ikaanza.

Habibo alimtoa miiba kwa sindano, taratibu, wala hakumficha. "Mwaka wa mafuriko, msafiri alifia pale. Hakuna aliyejua ni wa nani. Tulimzika bila jina. Tangu hapo anauliza watu ukoo. Ukishindwa kumaliza, anakumalizia yeye, na wewe unamfuata." Akafunga kitambaa. "Kesho Nasteho atafunga zizi."

"Hapana, Hooyo," Atupele alisema. Alikuwa ameshazoea kumwita mama kwa Kisomali. "Kazi ni yangu."

Asubuhi aliichaji simu, akampigia mama yake Tukuyu na kumuuliza jina la baba wa babu.

Mama akacheka. "Umesahau tayari? Si ulinipigia jana usiku, unalia? Nikakwambia, Ambilikile."

Jana usiku simu ilikuwa imezima.

Siku nzima, kila Nasteho alipopita, Atupele alikuwa akinong'ona majina manne. Nasteho hakucheka tena. Jua lilipoanza kuzama alimshika mkono. "Wacha niende na wewe."

"Wewe hakukuuliza. Ameniuliza mimi."

Harufu ilikuwa inamngoja.

"Wewe ni wa nani?"

Atupele alisimama wima, akasema kwa sauti ya darasani: "Mimi ni Atupele wa Anyosisye, wa Asajile, wa Ambilikile!"

Jina la mwisho walilitamka pamoja, yeye na kile kitu, kwa pumzi moja.

Miguu yake ilibaki pale pale.

"Nimemaliza mwenyewe," alisema. "Sasa zamu yako. Wewe ni wa nani?"

Mbuzi wakaacha kutafuna.

"Mimi..."

"Sema."

"Mimi..." Kikaanza kulia. Kisha kilio kikawa chembamba, kikawa cha kike, kikawa sauti anayoijua kuliko zote.

"Mimi ni Atupele wa Anyosisye, wa Asajile..."

"Huyo ni mimi!"

Akalivuta tawi, akalifunga kwa kamba mafundo matatu. Akakipa mgongo. Akatembea. Hakukimbia.

Nyuma yake, sauti yake mwenyewe ikaita kutoka gizani, "Hooyo! Hooyo, nifungulie!"

Jikoni, Habibo akaweka sufuria chini.

"Nakuja, mwana—"

"Usiitike, Hooyo!" Atupele alipaza sauti, akisukuma mlango wa jikoni kwa mkono uliofungwa kitambaa. "Wa kwako ni mimi."