Sauti ya Mama Tuse

Mji wa Lumage ulikuwa bado umefunikwa na sakitu, mabati meupe kana kwamba yamemwagiwa unga, lakini ndani ya kuba joto lilikuwa la kumvua mtu koti. Humo Mlezi, mtambo wa kuangulia mayai, alikuwa kazini. Mikono yake myembamba ya chuma ilipita kati ya trei ikigeuza mayai ya mji mzima, moja moja, bila kugonganisha hata mawili. Mayai yaliyokaribia kuanguliwa hutoa joto lake yenyewe, na Mlezi hakukubali joto hilo lipotee bure. Alilivuta kwa mabomba akalipeleka ngazi ya juu, chini ya vitalu, ambako mbegu za kabichi, vitunguu na nyanya zilikuwa zimeanza kuchungulia kutoka udongoni chini ya taa-jua. Baridi ikishapungua, vichukuzi, vile vyombo vidogo vya mabawa manne, vingepaa na kumpelekea kila mwenye nyumba miche yake na vifaranga wake mpaka mlangoni. Mtu hakuhitaji hata kutoka kitandani, na wengi kwa kweli hawakutoka.

Injinia Tusekile Sanga, aliyemuunda Mlezi, alisimama katikati ya kuba akisubiri saa ya sauti. Hakuwa na kazi yoyote hapo. Mitambo yote angeweza kuiangalia akiwa ofisini na kikombe chake cha chai, lakini kila asubuhi alishuka, na kila asubuhi alijisingizia kwamba anakagua mabomba.

“Tii, tii, tii-ti-ti,” ilisema sauti ya mwanamke kutoka kila pembe ya kuba. “Njooni kwenu. Njooni kwenu, wanangu.” Ikafuata kukohoa kwa mtu aliyepaliwa na moshi, halafu sauti ile ile, sasa kwa ukali kidogo: “Tuse, funga mlango, baridi inaingia.”

Mayai yakatikisika kidogo kwenye trei. Injinia akatabasamu peke yake, kama alivyofanya jana na juzi.

Kifaranga husikia kabla hajaona jua. Siku zake za mwisho ndani ya gamba, akiwa amejikunja gizani, huisoma sauti inayomzunguka, na sauti hiyo ndiyo atakayoikimbilia akishatoka. Tusekile alilijua hilo alipokuwa akimuunda Mlezi, akatafuta sauti ya kuwapa vifaranga wa mji mzima. Aliyokuwa nayo ni moja tu. Alikuwa ameirekodi mwenyewe akiwa msichana, amesimama kwenye mlango wa jiko la kwao, siku mama yake alipokuwa akiwaita kuku waingie ndani kabla ya sakitu. Mama Tuse, kama watu walivyomwita, alikuwa amekwisha kufariki Mlezi alipowashwa kwa mara ya kwanza. Mafundi walimshauri injinia akate kile kikohozi na yale maneno ya mlango. Alikataa katakata, na hakueleza sababu, maana ilikuwa wazi kwa kila aliyekuwa na macho.

Kwenye kila banda la Lumage aliweka kiitio, kisanduku kidogo chenye sauti hiyo hiyo, cha kuwatoa kuku asubuhi na kuwarudisha jioni. Kwa hiyo Lumage ukawa mji wa ajabu. Ukisema “funga mlango” mbele ya kuku yeyote, anaacha mtama wake anakuja mbio miguuni pako. Mwaka mmoja mchungaji, akihubiri habari za wanawali watano waliokuta mlango umefungwa, alirudia maneno hayo kwa nguvu kwenye kipaza sauti, na kabla hajafika kwenye sala kanisa lilikuwa limejaa majogoo. Watu walicheka wiki nzima. Tusekile naye alicheka, ila alikwenda chooni kulia kidogo, kwa furaha ya kuona mama yake bado anasikilizwa.

Siku hiyo, alipokuwa bado amesimama kwenye kuba, mlinzi alimwambia kuna mgeni. Alikuwa Mama Lwitiko, jirani yao wa zamani, amejifunga vitenge viwili juu ya sweta, na kapu mkononi. Ndani ya kapu mlikuwa na mayai yaliyofunikwa kwa kitambaa cha sufu, na kopo lenye udongo.

“Mama, shikamoo.”

“Marahaba, Tuse. Hujambo? Watoto?”

“Hatujambo. Lakini mama, baridi yote hii umetembea? Ungeniambia tu, kichukuzi kingekuja kuchukua mayai nyumbani.”

“Najua kingekuja. Kilishakuja miaka yote.” Mama Lwitiko aliangaza macho pande zote za kuba. “Nimekuja kukaa nayo. Unaniwekea wapi kigoda?”

Tusekile alidhani hajaelewa vizuri. Akamweleza kwa heshima kwamba Mlezi hana haja ya mtu, kwamba humo ndani hamna hata kiti kimoja. Mama Lwitiko alimsikiliza hadi mwisho, kama mtu mzima anavyomsikiliza mtoto anayesoma shairi la shuleni.

“Umesahau kusemea mayai,” alisema.

Hakuwa amesahau, ila alikuwa hajalikumbuka kwa miaka mingi, na hayo ni mambo mawili tofauti. Zamani, kabla ya Mlezi, si kila nyumba ilikuwa na kuku anayeatamia baridi ikiwa kali. Kwa Mama Tuse hawakukosekana, maana jiko lake lilikuwa na moto mchana kutwa na kuku walilala humo humo kandokando ya mafiga. Basi majirani walileta mayai yao, kila mmoja ameyatia alama yake ya mkaa, yakawekwa chini ya kuku wa Mama Tuse. Walileta pia makopo ya mbegu, yakapangwa kuzunguka tenga la kuku ili yapate joto lake. Na mayai yalipokaribia kuanguliwa, kila mwenye mayai alikuja na kigoda chake, akainama karibu na tenga, akayasemea mayai yake ili vifaranga wamjue. Wakishasemea, nani angeondoka? Chungu cha viazi na njegere kilikuwa motoni. Mtu alisemea mayai kidogo, akawasema watu sana, na msimu wa kupanda ulipofika hakukuwa na ugomvi wala ugonjwa wa jirani ambao jiko lile halikuujua.

“Kuku niliye naye sasa simjui, naye hanijui,” alisema Mama Lwitiko. “Nikimwita kwa maneno yangu, ananitazama. Kile kisanduku kikisema, anakimbia. Nyumba yenyewe nimebaki peke yangu, Tuse. Lwitiko yuko mbali, mzee amekwenda. Nataka hata kuku aje nikimwita.”

“Haiwezekani, mama. Vifaranga wakisikia sauti mbili wanafuata ile iliyozidi nguvu. Mpaka hii ya kuba inyamaze.”

“Basi inyamaze.”

Tusekile alihisi uso unamwaka. “Hiyo ni sauti ya mama yangu. Umekuja kunidai sauti ya mama yangu?”

“Hapana, mwanangu,” alisema bibi, naye sauti ilikuwa imempungua. “Nimekuja kudai ya kwangu.”

Akaliacha kapu juu ya meza, akajitanda vizuri, akaondoka. Tusekile hakumsindikiza, jambo ambalo mama yake asingelisamehe.

Nakala ya sauti alikuwa nayo nyumbani, hilo halikuwa tatizo. Angeweza kuisikiliza wakati wowote, peke yake, amekaa kitandani. Lakini sauti iliyo kwenye kisanduku cha nyumbani haimwiti mtu na haiitikiwi na mtu. Hapa Lumage mama yake aliita asubuhi, na mji mzima wa kuku ukaitika. Kuinyamazisha kulikuwa kumzika mara ya pili, na mara hii kwa mkono wake mwenyewe. Alijiambia kwamba Mama Lwitiko amezeeka, atasahau.

Jioni alirudi kwa miguu, na ilikuwa saa ya viitio. Kutoka kila ua sauti ya mama yake ilianza, hapa ikitangulia kidogo, pale ikichelewa, mtaa mzima ukiita njooni kwenu, njooni kwenu. Kuku walikimbia. Tusekile alipunguza mwendo ili aifaidi, kama kawaida yake, na ndipo alipoona jambo ambalo alikuwa akilipita kila siku. Hakuna mtu aliyetoka nje. Hakuna aliyesimama uani na ungo wa pumba, hakuna aliyemwuliza jirani habari za kutwa juu ya ua. Alipita nyumba kwa nyumba na hakupata hata wa kumsalimia. “Tuse, funga mlango, baridi inaingia,” zilisema nyua zote, na milango yote ilikuwa imefungwa.

Mbele ya banda la Mama Lwitiko alisimama. Kuku mmoja tu, mweusi, alikuwa amekaa chini ya kiitio akikitazama. Dirishani palikuwa na mwanga wa taa na kivuli cha mtu mmoja aliyekaa. Tusekile alikumbuka jinsi bibi huyo alivyokuwa akicheka kwenye jiko la kwao, hata chungu kikatikisika, na akaona aibu, aibu ya kweli ya kutoweza kubisha hodi.

Kesho yake aliingia kwenye kuba mapema. Alimwacha Mlezi aseme mara ya mwisho. Alisikiliza mpaka kwenye kikohozi, mpaka kwenye mlango, akasema “Haya, mama,” kisha akaizima sauti. Alikaa chini sakafuni akalia, na safari hii hakuisingizia furaha. Mlezi aliendelea kugeuza mayai kana kwamba hakuna lililotokea. Alipomaliza kulia, akatangaza mji mzima: mwenye mayai aje asemee mayai yake, kigoda aje nacho.

Hawakuja wengi mwanzoni. Wengine hawakuja kabisa, na trei zao zilikaa kimya hadi mwisho, jambo lililomuuma kuliko alivyotarajia. Lakini Mama Lwitiko alikuja wa kwanza, akavuta kigoda karibu na trei yake na kuweka kopo lake la mbegu pembeni, ingawa vitalu vya Mlezi vilikuwa juu yake tu. Akaja fundi wa viatu na mkewe, wakakaa wakisemeshana wao zaidi ya mayai. Akaja mchungaji, akachekwa kabla hajafungua mdomo. Siku zilivyokwenda mtu mmoja alileta jiko la mkaa, mwingine chungu, na Tusekile, aliyekuwa ameandika kwa mkono wake marufuku ya moto ndani ya kuba, alijikuta akimenya viazi.

Moshi ulipozidi, akaanza kukohoa. Wakati huo huo wageni wengine walikuwa wakiingia, wanapigapiga miguu kuangusha sakitu, wanasalimiana pale pale mlangoni, na upepo mkali ukapita juu ya miche.

“Jamani, fungeni mlango,” alisema Tusekile akiwa bado anakohoa, “baridi inaingia.”

Aliyekuwa akikoroga chungu aliacha mwiko, na mwenye mlango akaufunga taratibu. Tusekile alibaki na kiazi mkononi, hajui aangalie wapi. Kwenye trei iliyo karibu naye mayai yalikuwa yakitikisika, moja baada ya jingine, na ndani ya moja mlisikika mdomo mdogo ukigonga gamba.

Mama Lwitiko aliinama akasikiliza, kisha akamgeukia akiwa amekunja uso, ila machozi yalikuwa yakimtoka.

“Sasa umeharibu, Tuse,” alisema. “Hawa wangu wote watakuja kwako. Itabidi uwe unakuja kwangu jioni kunisaidia kuwaita.”