Mke wa Kiangazi

Kabla sijafungua mdomo, apa. Apa kwa kaburi la mama yako kwamba haya hayavuki kizingiti hiki. Mimi mwenyewe Albina aliniapisha, nikashika rozari yake kwa mkono wa kulia, nikasema nikitamka hata nusu ya neno ulimi uniote vidonda. Umeapa? Basi sogea huku. Dawa ya vidonda ninayo.

Selestini, mume wa Albina, alikuwa mvuvi. Utasema hapa Nachingwea mvuvi katoka wapi, sisi ni watu wa korosho na ufuta. Yeye kila kiangazi, mavuno yakishaingia ndani, alikuwa akifunga migono yake nyuma ya baiskeli, ile mitego iliyosukwa kwa matete kama vikapu virefu, anaondoka na rafiki yake Amedeus mpaka ndani kabisa ya Ruangwa, kule mto Mbwemkuru unakopita porini pasipo na kijiji wala mnara wa simu. Wakifika wanajenga kibanda, wanatega, wanabanika, wanalala na milio ya fisi. Mvua za kwanza zikinuka ndipo wanarudi na magunia ya kambale wakavu, na moshi uliowaingia mwilini. Albina alikuwa akimsugua mumewe kwa sabuni ya mche, wiki nzima harufu haitoki.

Halafu bodaboda ikamvunja nyonga. Toka hapo Selestini akawa mtu wa kiti na mkongojo, na mtoni akawa anakwenda kwa mdomo tu.

Albina alizijua hadithi za mumewe kama anavyoijua Salamu Maria. Aliyoipenda zaidi ni ya kambale mkubwa: mgono ulivyokuwa mzito, Selestini akavuta, Amedeus akamshika kiuno, wote wawili chali kwenye tope, samaki akaruka na kumpiga Amedeus kibao cha shavu. Jioni moja Selestini akawa anawasimulia wageni, na Albina pembeni anamenya karanga huku midomo yake ikimfuata neno kwa neno.

"Nikavuta," Selestini akasema, "Amedeus kanishika kiuno, yule akanipokea mgono."

Karanga zikasimama mkononi.

"Yule nani?"

"Nani nani?"

"Aliyekupokea mgono, Baba Winfrida."

Selestini akamtazama kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake. "Si yule wa kambini," akasema, na hadithi ikaendelea.

Wivu, mwanangu, hauna ukongwe. Albina ana wajukuu, ana kiti chake cha mbele kwenye jumuiya ya kanisa, lakini usiku ule aligeukia ukuta akawa anahesabu viangazi vyote alivyolala peke yake. Kulipokucha alikwenda moja kwa moja kwa Amedeus, akamkuta anapalilia mihogo.

"Shemeji, mtoni mlikuwa mnapikiwa na nani?"

Amedeus akacheka mpaka akaegemea jembe. "Pale? Pale hata nyani jike hakuwepo. Mumeo alikuwa anasonga ugali mgumu kama tofali."

"Hadithi zake siku hizi zina mwanamke."

Kicheko kikamkauka. Akaangalia mihogo, akaangalia njia, halafu akasema kwa sauti ya mtu aliye kanisani, "Sikutaka kukwambia. Kiangazi kile cha mwisho niliamka alfajiri nikaona nyayo mchangani. Za miguu mitupu, ndogo. Zimetoka majini zikaja mpaka upande anaolala Selestini. Nikatafuta za kurudi, sikuziona. Nilipomuuliza akaniambia nizifute na nisiseme."

"Na ukazifuta."

"Nikazifuta, shemeji."

Basi yule mwanamke akawa ananenepa ndani ya hadithi. Jioni hii anawasha moto, kesho anashona nyavu, keshokutwa ana sauti nzuri ya kuimba. Kisha mambo yakaanza kuhama. Kitenge cha Albina, kile cha maua ya zambarau alichonunuliwa Pasaka, kikatoweka sandukuni. Akapekua nyumba nzima, akamtuhumu mpaka jirani mmoja ambaye simtaji kwa kuwa ni mimi. Jioni ile ile Selestini akasimulia jinsi yule wa kambini alivyopandisha kitenge chake cha zambarau ili kisilowe, na akaonyesha kwa mkono, hapa, juu ya goti.

Asubuhi nyingine Albina alipotoka jikoni akakuta mchanga kitandani, upande wake yeye, mchanga wa mtoni mweupe na bado mbichi, ukinuka tope na samaki, na umebonyea kama pale mtu anapolala ubavu. Akakung'uta shuka. Siku ya pili ulikuwepo tena.

Lakini kilichomvunja ni kisima. Walivyokutana ujanani, Albina na Selestini, ni kisimani nyuma ya misheni: kijana aliomba maji, msichana akampa kata na kummwagia nusu yake kifuani, makusudi, amwone akitetemeka. Hadithi ile ni mali ya Albina. Alizoea kuitoa kwenye harusi za watu. Sasa akamsikia Selestini akimwambia mkwe wao Titus, "Nilimwomba maji pale mtoni, akanimwagia kifuani makusudi. Nikajua huyu ndiye mke."

"Huyo ni mimi, Baba Winfrida," Albina akasema. "Ni kisimani, nyuma ya misheni. Mimi ndiye niliyekumwagia."

"Wewe?" Selestini akatabasamu kwa upole, vile unavyomtabasamia mgeni aliyekosea nyumba. "Wewe siku hizo ulikuwa wapi?"

Titus akasingizia simu inaita, akatoka.

Yule hakumtaka mume peke yake. Alikuwa anakula maisha ya Albina kijiko kwa kijiko, na siku akilamba sahani, atabaki mwanamke mmoja tu katika kichwa cha Selestini, na hatakuwa Albina.

Siku moja jumuiya iliisha mapema, akarudi nyumbani jua likiwa la utosi, saa zile ambazo hata kuku wanajificha chini ya ghala. Uani kimya. Akavua ndala mlangoni, akasikia maji, si maji ya mtungi wala ya mvua, ni maji yanayopita taratibu kwenye mawe, ndani, chumbani kwake, na harufu ya moshi wa kubanikia samaki ikamjia puani ile ile aliyopigana nayo kwa sabuni miaka yote, akasogea akiwa ameshika ukuta, na kila alipokanyaga sakafu ya saruji aliona unyayo wake unazama kidogo kama anayekanyaga ukingo wa mto, akafika kwenye pazia, akasikia mumewe anacheka cheko la ujana ambalo hajalisikia toka nyonga ilipovunjika, na juu ya cheko lile sauti nyingine, nyembamba, yenye unyevunyevu, kama ya mtu anayesema huku maji yamemfika mdomoni: "Masika zote alikuwa nawe. Mimi kiangazi changu kiko wapi? Viangazi vitatu vimepita hujaja. Zamu yangu nani anailala?"

Na Selestini akajibu, "Si umeshakuja."

Albina alipofunua pazia mumewe alikuwa peke yake kitandani. Ule upande mwingine shuka lilikuwa linainuka polepole, kama mtu ameondoka sasa hivi.

Hakwenda kwa padri. Alijua padri angemwombea, na alijua pia akina mama wa jumuiya wangejua kabla ya misa ya pili. Alijifunga mtandio mpaka machoni, akapanda bodaboda mpaka Nambambo kwa Bi Mwamina, mganga wa Kiyao anayesoma kitabu na kujua mizizi, akakaa mkekani na kulia.

"Futa kamasi," Bi Mwamina akasema. "Huyo si mwizi. Mwizi hujificha. Huyo ni mke mwenzio, anadai zamu. Na mtu akija kudai zamu nyumbani kwako, ujue kuna aliyemwahidi."

"Mimi nimefunga ndoa kanisani. Sina mke mwenza."

"Mwambie yeye." Bi Mwamina akacheka kidogo, kisha akamsogelea. "Sikiliza. Pika kambale bila chumvi hata chembe. Weka sinia moja, wote mle humo humo, na mzee asimulie mto wake. Akisimulia, atakuja. Watu wa majini chumvi hawaijui. Nyinyi mtaonja mtatoa mikono. Mkono utakaobaki unakula, ushike. Usiuachie mpaka nimalize kusoma, ndipo nitamrudisha kwao."

"Nikiuachia?"

"Utahamia wewe kwenye hadithi, mwanangu. Na yeye atabaki jikoni kwako."

Wakapika Jumapili mchana. Sinia moja likawekwa katikati ya mkeka, na aibu ilikuwepo, maana Titus hajawahi kula meza moja na mama mkwe wake, sembuse sinia moja. Alikaa amegeuza shingo kama jogoo anayesikiliza mwewe. Winfrida mkewe alikuwepo, Amedeus alikuwepo, Selestini alikalishwa juu ya mto wa kitandani, Bi Mwamina akakaa mlangoni na tasbihi yake. Mimi nilikuwa nimekuja kuazima ungo. Nikaambiwa nikae, nikakaa.

"Hebu tupe ule wa kambale mkubwa, Baba Winfrida," Albina akasema.

Selestini akaanza. Alisimulia vizuri siku ile kuliko siku zote, mpaka tukausikia mchanga ukichomwa na jua na matete yakisuguana, na kadiri alivyosimulia ndivyo chumba kilivyopoa, ukungu ukapanda kwenye kioo cha kabati, harufu ya tope ikakaa kooni, na kutoka chumbani yakaanza yale maji, yakipita juu ya mawe, yakija. Tukapeleka mikono siniani.

Amedeus alikuwa wa kwanza kukunja uso. "Shemeji, chumvi imepanda bei?"

Akatoa mkono. Winfrida akatoa wake, anafuta vidole kwenye kanga. Titus akamshukuru Mungu kwa kupata kisingizio cha kutoa wake. Mimi nikatoa wangu. Albina akatoa wa kwake, akaushikilia kifuani.

Ikabaki mikono miwili.

Mmoja ulikuwa wa Selestini. Wa pili ulitoka upande wake wa kushoto, pale mkekani ambapo hapakuwa na mtu: mkono wa kike, mwembamba, ngozi nyororo isiyo na magamba kama ya kambale, mchanga mweupe chini ya kucha, na ulipofika kwenye kiwiko hapakuwa na kitu, hewa tu inayotona maji. Ulikuwa unakula taratibu, kwa adabu, kama mtu wa nyumbani. Winfrida akauma kanga yake. Amedeus akasema chini kwa chini, "Ndiye mwenye zile nyayo," na hakuna aliyemcheka.

Lakini Albina hakuwa anautazama ule mkono. Alikuwa anautazama wa mumewe. Selestini alikuwa amechagua mnofu wa tumboni, ule ulionona, akautoa miiba mmoja mmoja kwa ncha za vidole, akaupapasa kuhakikisha hakuna uliobaki, kisha akausogeza mbele ya ule mkono. Ndoa nzima ya Albina, kambale wote wale wa kila mwaka, miiba Albina aliitoa mwenyewe.

Akaruka. Akaukamata kwenye kifundo kwa mikono yote miwili. Ulikuwa wa baridi, unateleza, ukajipinda kama kitu kilichovuliwa, na Albina akaukandamiza kwenye sinia mpaka mchuzi ukaturukia. Mlangoni Bi Mwamina akapandisha sauti ya kusoma.

Wote tukamgeukia mzee. Alikuwa amekaa vile vile, mnofu mwingine tayari kwenye vidole vyake, umeshatolewa miiba, mchuzi unamtiririka mpaka kiganjani, na hakuwa na pa kuuficha.

"Mwachie, Mama Winfrida," akasema. "Hajashiba."