Jozi Saba Chini ya Kitanda

Kila Jumamosi asubuhi Twiga hukaa mlangoni akishona vifungo vya mashati ya wateja, huku mama yake akikanyaga cherehani. Twiga ni jina la utani. Alirefuka ghafla akiwa na miaka kumi na miwili, na tangu hapo mtaa mzima haukumwita vingine. Jumamosi hiyo hakugusa kifungo hata kimoja. Alikuwa na kalamu mdomoni na karatasi mapajani.

Chuo cha uuguzi alichokitamani tangu darasa la tano kilitaka kila mwombaji aandike kisa cha maisha yake mwenyewe, ukurasa mmoja, na mwisho wa kukipeleka ulikuwa Jumatatu. Twiga aliorodhesha visa vinne, akavifuta vyote. Mara ile alipoanguka na baiskeli? Nani hajaanguka! Mara ile alipokuwa wa pili darasani? Majivuno matupu.

"Wewe nawe! Wanataka machozi hao," rafiki yake wa nyumba ya pili alikuwa amemwambia. "Usipowaliza, umekwisha."

Basi akaamua kuwaliza. Akaandika bila kunyanyua kichwa.

"Hebu nisomee," mama akasema, mguu ukiendelea kukanyaga.

Twiga akasoma: "Baba yangu alifariki nikiwa na miaka kumi..."

Cherehani ikanyamaza.

"Eti nini? Kumbe mimi ni mjane na sina habari! Juzi tu nimeongea na marehemu kwenye simu, analalamika baridi!"

Twiga alitaka kucheka, lakini machozi yakamtangulia. Baba alikuwa hai, akiendesha kreni katika bandari ya nchi ya mbali. Mwaka wa saba huo hajarudi.

"Mama, tofauti iko wapi? Simwoni. Nina sauti ya simu tu. Nimemkumbuka mpaka nimechoka."

Mama akaja kuketi kando yake. Hakumgombeza. "Haya unayoniambia sasa, mbona hayamo kwenye karatasi?"

"Kwani hayo nayo ni kisa?"

"Mambo ya insha siyajui, mwanangu. Lakini chini ya kitanda chako kuna nini?"

Twiga akainama. Kulikuwa na jozi saba za viatu, vipya, havijawahi kukanyaga chini. Kila mwaka baba alimpa msafiri jozi moja amletee. Kila mwaka vilikuwa vidogo, kwa sababu baba alikisia tu, huku macho yake yakimwona mtoto yule aliyemwacha. Akiuliza, "Vimekutosha?" Twiga hujibu haraka, "Vimenitosha barabara, baba, ahsante!" Aliogopa kumwambia kwamba alikuwa amekua bila yeye.

Akageuza karatasi, akaanza upya.

Jumapili baba alipopiga simu, Twiga alimsomea insha yote, mama akisikiliza kando yake. Alipomaliza, akaita.

"Baba?"

"Nipo." Sauti ilikuwa nzito. "Mguu wako sasa ni namba ngapi?"

"Arobaini."

"Arobaini! Huo mguu au mtumbwi?"

Wakacheka wote watatu, ingawa baba alikuwa akilia, na hakuficha.

Wiki tatu baadaye barua ya chuo ilifika: amekubaliwa. Twiga aliruka, akamkumbatia mama mpaka pini za kushonea zikamwagika. Kisha akatulia, akaitazama barua ile mkononi.

"Unaona, mwanangu," mama akasema. "Ule uongo wa kwanza huenda ungekupa nafasi, lakini ungekaa nao kila siku ukimwogopa baba yako. Sema lililo kweli, hata likiwa linauma. Watu wanaokupenda hawawezi kukusaidia kwa jambo usilowaambia."

Akampa simu.

"Mpigie sasa hivi, hajaingia kazini. Na akikuuliza kama umefurahi, mwambie umefurahi sana, na kwamba ulitaka awepo."