Chuma Ambacho Hakikuanguka

Kila Ijumaa asubuhi, baada ya wimbo wa taifa na ukaguzi wa kucha, Yustina alisimama kwenye ngazi za ofisi ya walimu akasoma Habari za Anga. Alikuwa msichana wa darasa la sita, mwembamba kama fito, lakini sauti yake ilifika mpaka bustani ya shule bila kipaza sauti. Kazi hiyo alipewa na Mwalimu Stambuli, mwalimu wa sayansi, mtu aliyependa mambo ya nyota na roketi kuliko wenzake walivyopenda mpira. Mwalimu ndiye aliyemfundisha kutafuta habari hizo kwenye simu ya mama yake, Agnes. Mama mwenyewe aliinunua simu hiyo ili ajue bei ya karoti na kabeji mjini Morogoro kabla hajajitwika mzigo na kushuka nao mlimani.

Mwanzoni wanafunzi walisikiliza midomo wazi. Chombo kimetua mwezini, darubini imepiga picha ya nyota changa, wataalamu wameona sayari nyingine huko mbali. Lakini binadamu huzoea. Mvua za vuli zilipoanza, waliokuwa mstari wa nyuma walikuwa wanapiga miayo na kuchezea tope kwa vidole vya miguu.

"Shoga yangu," Mwanvita alimwambia siku moja darasani, maana waliketi dawati moja, "habari zako nzuri, ila ziko mbali mno. Hakuna hata moja itakayofika huku kwetu."

Alisema akicheka, na hakuwa na ubaya wowote. Lakini maneno hayo yalimchoma Yustina, akakaa nayo moyoni.

Alhamisi jioni alipanda kwenye jiwe lililo nyuma ya nyumba yao, mahali pekee palipokuwa na mtandao, akasoma habari mpya. Kipande cha roketi iliyochakaa kilikuwa kinarudi duniani mwishoni mwa juma. Wataalamu walisema hawajui kitaangukia wapi. Sehemu kubwa ingeungua hewani, na mabaki, kama yangekuwepo, pengine yangeishia baharini. Habari yenyewe ilikuwa hiyo tu.

Kesho yake Mwalimu Stambuli hakuwepo. Alikuwa amekwenda kuzika Turiani na angerudi Jumatatu. Yustina alisimama kwenye ngazi zake, akawatazama wenzake wakipiga miayo, na ulimi ukateleza.

"Kipande kikubwa cha roketi kinaanguka kutoka angani," alisoma. "Wataalamu wanasema kitaanguka Jumapili. Kitaanguka hapa, kwenye Milima ya Uluguru."

Miayo ilikatika. Watoto wa darasa la kwanza walitazama juu. Mwalimu wa zamu, ambaye mambo ya anga hakuyajua, alishika kiuno na kusema, "Mungu wangu!" Yustina hakuwahi kusikilizwa namna ile tangu azaliwe. Kwa kweli alifurahi, na furaha ile ndiyo iliyomzuia kusema kweli watoto walipomzunguka wakimuuliza ukubwa wa chuma hicho.

"Kama nyumba," aliwajibu.

Jioni habari ilikuwa imeingia kila jiko. Mzee Kondo, mwenyekiti wa kitongoji, hakuipuuza. "Si juzi tu pete kubwa ya chuma ilidondoka kutoka angani kwenye kijiji kimoja kule Kenya?" aliwauliza watu dukani. "Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Na mtoto wa Agnes hajawahi kutudanganya."

Jumamosi familia kadhaa zilishuka mjini, Bigwa na Msamvu, kwa ndugu zao, na godoro kichwani. Waliobaki waliazimia kutotoka Jumapili. Usiku huo mvua ya radi ilipiga, na mtandao ukakatika kila mahali, hata kule kwenye jiwe. Aliyetaka kuulizia mjini hakuweza. Yustina alilala macho wazi akijiambia kwamba Jumapili itapita, chuma hakitaanguka, watu watacheka na mambo yataisha.

Asubuhi ya Jumapili mama yake alirudi kutoka kisimani mbio. "Mwanvita anaumwa vibaya. Tumbo limemshika tangu jana, sasa hata kusimama hawezi. Vaa twende."

Walimkuta Mwanvita kwenye mkeka, amejikunja, midomo imekauka, mwili wa moto. Kila alipoguswa upande wa kulia wa tumbo alilia. Uani baba yake, Twalibu, alikuwa amekwisha kuandaa machela, kitanda cha kamba kilichofungwa kwenye mianzi miwili. Gari haifiki kijijini kwao. Mgonjwa hushushwa mabegani, wanaume wakipokezana, na hakuna mtu anayeombwa mara mbili, kwa sababu unayembeba leo ndiye atakayekubeba kesho.

Siku hiyo Twalibu aliomba mara mbili, na mara ya tatu, mpaka jua likafika utosini.

Wanaume walikuwepo, wamejibanza chini ya paa wakitazama miguu yao. Njia ya kushukia barabarani hupita kwenye mgongo wa mlima uliokwisha kuungua moto, peupe, pasipo hata kichaka.

"Twalibu, ndugu yangu," Mzee Kondo alisema kwa upole, "tukipita kule leo na chuma kikatukuta, tutazika watu wangapi? Tungoje siku ipite. Kesho alfajiri tunamshusha."

"Kesho?" Twalibu alisema. "Mtazame mwanangu. Mtazame, halafu uniambie kesho."

Yustina alijua dawa ya jambo lile ilikuwa mdomoni mwake, naye aliogopa. Basi akafanya wafanyavyo waoga wote, akatafuta uongo wa pili wa kufunika wa kwanza.

"Shikamoo, Mzee Kondo. Nimesikia kile chuma kimeshaanguka. Usiku. Kimeangukia mbali."

"Marahaba. Umesikia wapi?"

"Kwenye simu."

"Simu ipi, mwanangu? Mtandao hakuna tangu jana."

Ndani Mwanvita alilia tena, sauti ndogo, ya mtu aliyechoka kulia. Hapo Yustina naye akaanza kulia mbele ya watu wote.

"Nilidanganya! Hawakusema Uluguru. Walisema hawajui kitaanguka wapi, na huenda kikaangukia baharini. Uluguru niliongeza mwenyewe ili mnisikilize."

Kijana mmoja pale uani akauliza neno ambalo Yustina hakulisahau tena. "Sasa tukuamini lipi? La Ijumaa, la sasa hivi, au hili la tatu?"

Hakuna aliyesogea. Hata ukweli wenyewe sasa haukuwa na nguvu, kwa kuwa ulitoka kwenye mdomo uleule. Yustina aliwatazama mmoja mmoja, akaona hasira, na kwenye nyuso nyingine akaona shaka, na shaka ndiyo iliyomuumiza zaidi.

Agnes hakumpiga binti yake wala hakumgombeza. Aliivua kanga begani, akaikunja ikawa kata, akaiweka begani na kuinama kushika ncha ya mwanzi.

"Mwanangu ndiye aliyewatia hofu," alisema. "Basi mimi nitabeba. Na yeye atatangulia mbele, peupe, peke yake. Kama kuna chuma, kitatuanza sisi. Baba Mwanvita, mlete mtoto."

Huko milimani wanawake hubeba kuni, maji na kabeji, lakini machela ni kazi ya wanaume. Mzee Kondo alipomwona Agnes ameinama peke yake kwenye ncha ile, alivuta pumzi, akatupa chini mswaki wa mti aliokuwa akiutafuna na kwenda kushika ncha ya pili. Wengine wakafuata wakiwa wameona aibu, na kwa machozi Yustina hakuweza kuona ni nani na nani.

Njia ilikuwa utelezi mtupu. Yustina alitangulia akionyesha mawe yaliyo imara, na walipofika kwenye ule mgongo wa mlima ulio wazi hakutazama juu hata mara moja. Nyuma yake alimsikia Mwanvita akiguna kila machela ilipotikisika. Kila mguno ulimwingia mwilini.

Hospitalini mjini daktari alimpokea mgonjwa na kumkimbiza chumba cha upasuaji. Alipotoka, uso wake haukuwa wa furaha. "Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka," alimwambia Twalibu. "Usaha umesambaa tumboni. Mngemleta asubuhi, ingekuwa kazi nyepesi. Tutapambana."

Walipambana kweli. Mwanvita alipasuliwa tena, akalazwa mpaka mahindi ya vuli yakabeba. Kwa siku nyingi hakuna aliyejua kama angerudi nyumbani akiwa hai. Mwalimu Stambuli aliporudi alithibitisha kwamba chuma kile kilianguka katikati ya bahari, mbali na mtu yeyote. Hakumchapa Yustina. Alimwondoa tu kwenye ngazi zile, na Ijumaa zikapita bila habari yoyote.

Mwanvita alirudi shuleni mwaka mpya, amekonda, anatembea ameshika tumbo. Alikuwa amekosa mitihani, hivyo akabaki darasa la sita. Yustina alikwenda la saba akakaa na mtu mwingine. Siku ya kwanza alimfuata rafiki yake mlangoni akamwomba msamaha.

"Nimekusamehe," Mwanvita alisema. "Lakini bado naogopa kukuamini."

Ijumaa iliyofuata Mwalimu Stambuli alimrudisha Yustina mbele ya mistari. Alisoma kuhusu chombo kinachozunguka mwezi, taratibu, neno kwa neno. Alipomaliza, mkono mmoja mwembamba uliinuka kwenye mstari wa darasa la sita.

"Hiyo umeisoma hivyohivyo," Mwanvita aliuliza, "au umeongeza?"

Wengine walicheka. Yustina hakucheka. "Nimeisoma hivyohivyo. Lini kitatua, wataalamu hawajasema, na mimi sijui."

Mwalimu Stambuli alinyamazisha kicheko kwa mkono. "Swali zuri. Mtamuuliza hivyo kila Ijumaa, na yeyote atakayesimama hapa mtamuuliza vivyo hivyo. Wanangu, habari ina uzito. Unayeisema huoni uzito wake, maana unabebwa na anayekusikia. Baba Mwanvita aliubeba, na mabega yake mpaka leo hayajapona. Njia ya mwongo ni fupi, lakini Jumapili ile mwenzenu alingoja ifike mwisho huku akiumwa mkekani. Usipojua, sema sijui. Neno hilo halijamuua mtu."

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa mkono mwembamba uliinuka, na kila Ijumaa Yustina alijibu. Alijibu mpaka mwaka ukaisha.